Telefone ya directeur ku mur

Nadège, najificha mu toilette ya bureau 😭

Application yetu ya alerte ya vita ilikuwa inakatala. Donc nikapitisha matelefone ya batu bote mu proxy, ile mulango ya ordinateur yangu, nione zinaomba nini ku internet. Projecteur inaonyesha yote ku mur, ku ukuta ya salle ya réunion.

Directeur Lusenge anahubiri: «Hata vita ifike Butembo, hapana mutu atakimbia! Mungu iko na siye.»

Akakaa, akashika telefone yake.

Ku mur: «nyumba ya kupanga Kampala, chambre tatu».

CHAMBRE TATU, Nadège!

Bote tukageukia mur. Akainua macho, akasoma: «Nani huyu wa imani kidogo? Tumuombee!»

Tukamuombea kabisa.

Mais pembeni ya ile ligne ya Kampala iliandikwa: «Telefone ya Lusenge».

Amen yangu njo ilipita ya bote kwa sauti.