Nywele za Bhoke na Flaiwili ya Marwa

Tarime, Jumanne asubuhi

Mama yangu,

Sasa hivi, kabla sijaandika hata neno moja, Bhoke amechukua kikombe chake cha uji akajimwagia kichwani. Hakulia. Ameupaka kwenye nywele kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu mzima anayejipaka mafuta ya kwenda kanisani, halafu akanitazama aone kama nimependezwa. Nimemwosha, lakini nywele zake unazijua zilivyo. Hapana, huzijui, na hilo ndilo linaloniandikisha leo. Zimefungana kama kiota cha ndege. Uji mwingine umebaki humo na utakaukia humo.

Shikamoo mama. Mmeamkaje hapo nyumbani, ng'ombe wanaendeleaje, mvua imewafikia? Na macho je? Ghati aliponipigia akiwa mnadani alisema la kulia limeshafunga, na kwa la kushoto unaona kama mtu anayechungulia kwenye moshi. Tangu siku hiyo sina amani. Sisi huku ni wazima. Bhoke ana meno manane. Marwa ni mzima ila amenikasirikia, na mimi nimemkasirikia zaidi, nitakueleza. Ghati mdogo wangu, msomee mama polepole, na usiruke mahali eti kwa sababu unaona aibu.

Mama, najua umechoka kunisubiri. Mara mbili umefagia uwanja, mara mbili umechinja kuku, na mara zote mbili kuku wameliwa na wengine. Siku Bhoke alipozaliwa ulisema kwenye simu, "Wegesa, nywele hizo asiziguse mtu. Nitazinyoa kwa mkono wangu." Neno hilo nimelishika mwaka mmoja na miezi minne. Mama mkwe alikuja na wembe, nikamdanganya kwamba mtoto ana homa, Mungu anisamehe. Kanisani wananiuliza kama mtoto ana nadhiri. Najibu ndiyo, nadhiri ya bibi yake. Lakini bibi mwenyewe nuru inamwishia, na sisi tuko hapa Tarime, hatuko Ulaya, tunashindwa kufika Busawe kwa sababu ya chuma kimoja.

Unakumbuka nilikuambia habari ya kile kigari chekundu, cha zamani, cha milango miwili, kama vile vya mashindano ya mbio? Mwenyewe alihama akamwachia Marwa, kikiwa kimelala chini hakina upepo hata tairi moja, na kuku wa jirani wanatagia ndani. Marwa akakifufua. Hapo simlaumu, mume wangu ana mikono. Kwenye karakana anakokereza vyuma vya makarasha, zile mashine za kuponda mawe ya dhahabu, watu wanatoka mpaka Nyakunguru kumtafuta yeye.

Shida ililetwa na video za kwenye simu. Nyuma ya injini kuna sahani ya chuma, nzito, wanaiita flaiwili. Injini ikizunguka nayo inazunguka, na klachi inaishika hapo ndipo gari linaondoka. Sasa wale wa kwenye video wanasema ukiipunguza uzito, injini inaamka upesi. Marwa akaifungua, akaifunga kwenye mashine yake ya kukereza, akaikwangua, akairudisha. Na kweli, gari likiwa limesimama uani akikanyaga mafuta linalia weee, kama nyuki waliochokozwa. Alitabasamu siku mbili nzima. Siku ya tatu akaifungua akaikwangua tena.

Mama, wewe ndiye uliyeshika mashine ya kusaga hapo Busawe miaka yote ile, na nilikuwa nazungusha hendeli nawe. Utakumbuka lile gurudumu kubwa la pembeni lilipopasuka, baba mdogo akaleta jingine jembamba, akasema litakuwa rahisi kuzungusha. Lilikuwa rahisi kweli. Mashine ikanguruma vizuri hadi ulipotia mahindi, ikafa. Ukatia tena, ikafa. Ukamwambia baba mdogo, "Hii inasaga hewa. Mahindi inayaogopa." Mimi nilikuwa darasa la sita na nilielewa.

Basi nikamwambia Marwa hivyo hivyo. Nikasema, "Baba Bhoke, unalipima likiwa limesimama, halijabeba mtu. Tia mahindi kwanza." Alicheka. "Mama Bhoke, hii ni gari ya spoti, siyo mashine ya unga." Nikamwachia. Mimi ni wa darasa la saba, yeye ndiye fundi.

Safari ya kwanza, ile uliyochinja jogoo, hatukutoka hata getini. Kila akiachia klachi gari linaruka kama chura na kuzima. Akasema ni klachi. Wiki mbili zikapita anashughulika na klachi. Akasema ni kabureta. Akaisafisha kwa mswaki wangu. Mama, mswaki wangu!

Jumamosi iliyopita tukaondoka. Nilimvalisha Bhoke gauni la njano, nikampakata kiti cha mbele, na begi miguuni. Kwenye tambarare tulikwenda vizuri, nikaanza hata kumwimbia. Tulipofika kwenye mwinuko wa kutoka mjini, ng'ombe wakavuka, Marwa akasimama. Ng'ombe wakaisha. Akaachia klachi, likazima. Akawasha, likalia weee, akaachia, likazima na kurudi nyuma kidogo. Mara ya tano akina mama wanaouza ndizi walikuwa wamesimama kutuangalia.

"Mura, kijana wangu," mmoja akamwambia Marwa, "hilo ni gari au pikipiki iliyotiwa milango?"

Mwingine akasema, "Ng'ombe wangu akilala hivi barabarani, mimi namchinja."

Marwa akanigeukia, jasho linamtoka. Unajua alisema nini? "Mama Bhoke, hebu shuka kidogo. Uzito wako huu."

Uzito wangu! Chuma amekipunguza uzito mwenyewe, sasa uzito wenye kosa ni wangu. Nikashuka na mtoto na begi. Gari likapanda bila sisi, mama. Lilipanda peke yake na baba mtu, likilia kama nyuki, na sisi tumesimama na akina mama wa ndizi. Mmoja akampa Bhoke ndizi moja akaniambia, "Pole mwanangu. Linapenda kwenda, shida yake halipendi watu." Sikumfuata huko juu, mimi na Bhoke tulirudi nyumbani kwa miguu.

Nikamwambia, kuna basi la Mugumu kila siku, linatufikisha huko, twende na basi. Akasema basi hapandi kwenda kwenu. Na mimi najua kwa nini, ndiyo maana siwezi kumchukia. Siku ya posa bodaboda ilimwangusha kwenye tope, akaingia kwetu na shati jeupe limekuwa la udongo, na baba mdogo akauliza mbele ya wazee, "Huyu mkwe amekuja kuoa au kulima?" Wote walicheka. Wewe ulikaa jikoni kwa adabu ya mkwe ukanipitishia sabuni dirishani nikalifue. Mimi nililisahau neno la baba mdogo siku ile ile. Yeye hajalisahau. Anataka afike mlangoni kwenu na gari, asiwe na tope hata kwenye kiatu.

Lakini jana amevuka mpaka. Ameifungua tena, mara ya tatu. Mzee anayewasimamia pale karakana akaishika mkononi, akaigongagonga, akamkataza. Marwa mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena kwa kulalamika. Mzee alisema, "Chuma hiki ukikigusa tena kitapasuka kikiwa kinazunguka, na kikipasuka kinapita kwenye miguu ya waliokaa mbele. Tafuta nzima kwenye gari lililokufa, uirudishe ilivyokuwa." Unafikiri alisikia? Ameileta nyumbani kwenye mfuko, anasubiri mzee asafiri ndipo aikwangue.

Mama, wanaokaa mbele ni mimi na Bhoke.

Leo alfajiri alipokwenda kuoga nimeichukua. Nilikuwa na mtoto mgongoni na nimeibeba kwa mkono mmoja. Chuma cha gari ambacho mwanamke mwenye mtoto mgongoni anakibeba kwa mkono mmoja, hicho si chuma tena, ni sinia. Nimeifukia kwenye debe la mahindi, chini kabisa. Ukipenda, nimeitia mahindi kama nilivyomshauri.

Akatafuta chini ya kitanda, akatafuta jikoni. "Mama Bhoke, flaiwili yangu iko wapi?"

Nikasema, "Baba Bhoke, kaa chini." Akakaa. Nikasema, "Gari lako silichukii. Siku likipata flaiwili nzima nitapanda na nitakupigia vigelegele hadi Busawe. Lakini mama yangu haoni. Nywele hizi anatakiwa azinyoe anazitazama, siyo kwa kupapasa. Jumamosi napanda basi na mtoto. Ukija, umekuja na sisi. Usipokuja, nitawaambia una kazi, sitakuaibisha."

Akatoka nje. Tangu hapo amekaa juu ya tofali karibu na gari lake, anageuza spana mkononi, hafungi kitu wala hafungui kitu. Mimi nimefunga begi langu na la Bhoke kwa pamoja. Vitu vyake sijavigusa. Lile shati jeupe la posa nimelipiga pasi nikaliacha msumarini, kwenye pindo alama ya tope bado ipo kidogo, haikutoka kabisa. Kama atakuja aamue mwenyewe, sitamsukuma. Nimechoka kusukuma.

Barua hii anaichukua Mama Nyangi jirani yangu, anakuja huko kesho na lori kununua mahindi. Kwa hiyo mama, usichinje kuku hadi unisikie sauti uani. Wembe uwe mpya, na mafuta kidogo, maana Bhoke akichanwa tu anapiga kelele mpaka kwa majirani. Ukae mlangoni penye mwanga wa asubuhi. Utamwona. Jicho moja linatosha kumwona, ni mdogo lakini ana uso mkubwa, wa kwako.

Msalimie baba mdogo, mwambie namwomba safari hii asiulize kitu mpaka tuwe tumekula. Msalimie shangazi aliyenifunga kitenge siku ya kuondoka, bado ninacho, ndicho ninachombebea Bhoke. Wasalimie watoto wa kaka, na yule bibi wa upande wa pili anayekuletea maji, Mungu ambariki. Ghati, wewe nakuletea ile hina uliyoitaka, lakini ukiwa umesoma barua yote.

Nilitaka kumalizia na jambo moja kuhusu dawa ya macho niliyoisikia hapa hospitalini, wanasema kuna madaktari wanao...

Huyo ananiita. "Mama Bhoke!" Ni flaiwili tena, na simwambii iko wapi hata akae juu ya hilo tofali mpaka Pasaka.

Ameingia. Amesimama mbele ya msumari. Anasema, "Mama Bhoke, mbona hili shati hujalitia kwenye begi? Au mimi naenda kifua wazi?"

Mama, ameuliza shati. Hakuuliza chuma. Ananiita tena, anataka nimwonyeshe begi lilipo, ngoja nikalifungue upesi kabla hajabadili...