Nimekwenda Kapalamsenga Kuogelea

Baba Kasilda na nyie wanangu,

Maharage yameiva, bado kuungwa tu. Kasilda, kuku wafungiwe mapema.

Yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia niliyojiandikisha, baiskeli na mbio nimeshazifanyia mazoezi; yamebaki maji tu. Asubuhi nilipokuambia nakwenda, Baba Kasilda, ulicheka: "Mama mzima unakwenda kurukaruka ziwani na watoto?" Niliumia. ~~Chai ujipikie mwenyewe.~~ Chai iko kwenye chupa.

Sijawahi kukuambia hili. Kuogelea nilifundishwa na marehemu baba, palepale Kapalamsenga. Alikuwa ananishika tumboni kwa kiganja, anasema, "Legea mwanangu, maji yatakubeba." Siku moja nikageuka, kumbe alishaniachia, kasimama ufukweni anacheka peke yake. Tangu tumzike sijaingia tena ziwani. Niliogopa kuingia halafu nisiuone ule mkono.

Leo naingia, hata kama ni mpaka kiunoni. Nitalala hukohuko kwa kaka Agustino.

Kesho ukipata gari, njoo. Kunishika sihitaji. Nataka tu niibuke kwenye maji nikukute umesimama pale alipokuwa anasimama yeye.

Mama Kasilda