Ukuta wa Kiunoni

Mikumi,
9 Februari 2025

Yeyo wangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wote wa bomani. Sisi hatujambo, ila miguu yangu inajaa na usingizi umenihama. Naandika kwa sababu simu yako inashika mtandao pale kilimani tu, mbele ya wazee wanaochaji simu, na haya si maneno ya kupigiwa kelele.

Mtoto anatarajiwa katikati ya Aprili. Nataka uje unitunze mpaka arobaini iishe. Mwaka juzi mimba ilipoharibika nilikuwa peke yangu, nikafua mashuka mwenyewe. Sitaki kurudia hayo.

Nyumba imekwisha. Lupakisyo ameijenga kama ile hoteli alikotengeneza makabati: jiko na sebule ni chumba kimoja kikubwa. Ukikoroga mboga unamwona aliyekaa kwenye kochi. Ni pazuri, utapapenda. Jibu lako mpe Mudi wa bodaboda, atalipakia kwenye basi pale Kilosa.

Mwanao,
Naserian


Kilangali,
21 Februari 2025

Mwanangu Naserian,

Marahaba. Huku tu wazima, ndama wawili tu ndio wametutoka. Miguu iweke juu ya mto ukilala, na chumvi punguza.

Sasa nikuulize, wewe ulilelewa na mimi au uliokotwa sokoni? Mama hali akionwa na mkwewe, na mkwe hali akionwa na mama. Unaniita kwenye nyumba ambayo nikitia tonge mdomoni mumeo ananitazama ninavyotafuna! Huko siji. Sina ugomvi na Lupakisyo, namheshimu, na ndiyo maana siji. Jengeni kibanda cha kupikia uani, nami kesho yake nitakuwa njiani.

Mashuka yale hukuniambia. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi.

Mama yako,
Yeyo


Mikumi,
3 Machi 2025

Yeyo mpenzi,

Shikamoo. Hali yangu si mbaya, mtoto anacheza sana. Na wewe kifua kimepona?

Kibanda cha uani hakiwezekani. Nyani wa huku wanajua kufunua sufuria. Jirani yetu Verdiana alipikia nje wiki moja tu, wakala maharage yake yote na mwiko wakaondoka nao. Tena ukiwa uani hutanisikia nikiita, na ninachotaka ni unisikie. Usiniambie utakula chumbani, sikuiti uje ufungwe kama mgonjwa.

Kwa hiyo tunatenga jiko, lakini nusu tu, sauti ipite na macho yasipite. Mimi sikai nikatulia, nashinda na futi ya fundi mkononi. Kwanza Lupakisyo alijenga ukuta wa tofali, wa kiunoni. Nikasimama jikoni, yeye akakaa kwenye kochi, nikamuuliza ananiona mpaka wapi. Akasema kuanzia kitovu kwenda juu. Nikamwambia abomoe. Tukafunga pazia, siku ya pili likashika mafuta na nusura liungue. Nikafikiria vioo vya ukungu, lakini kivuli cha mtu anayetafuna si bado kinaonekana? Sasa nimeamua: mbao nyembamba za kusimama, toka sakafuni hadi darini, zilizokaribiana kiasi cha kidole kimoja.

Kinachonishangaza ni yeye. Halalamiki hata kidogo. Nikisema jenga anajenga, nikisema bomoa anabomoa. Wakati mwingine natamani agombe, nijue ninamuudhi kiasi gani.

Utakuja, Yeyo? Niambie ndiyo.

Mwanao,
Naserian


Kilangali,
16 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimepona. Mvua imeanza, na Mudi anasema njia ya kwenda Kilosa imeshaanza kuteleza.

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka mbuzi wakageuka kunitazama. Naserian, nani alikwambia mimi nakula nimesimama kama punda? Lini umeniona nasimama kupika, kumenya au kula? Mimi nakaa kwenye kigoda! Ukuta wa kiunoni unanipita kichwa. Ungekaa chini siku ile ungemaliza kazi kwa mara moja. Umekaa mjini ukasahau mama yako ana urefu gani akiketi.

Kama bado umesimama, usiubomoe. Kigoda changu nakuja nacho.

Mama yako,
Yeyo


Mikumi,
8 Aprili 2025

Yeyo,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo, wiki tatu baadaye. Maji yalikata njia, basi lilikuwa haliji.

Ukuta haupo, mama. Siku ulipoandika usiubomoe ulikuwa umeshakuwa kifusi, mpaka tofali zimekwisha kwenda kwa jirani. Mbao nazo zimenyeshewa, zimepinda, hata moja haikukaa wima. Lupakisyo anasema zikauke wiki mbili. Mimi sina wiki mbili. Tangu jana mgongo unauma chini, unaacha, unarudi. Usiku natembea toka jikoni mpaka kochini na kurudi, na hakuna cha kunizuia katikati.

Najua ulichosema, na najua ni haki yako. Lakini naogopa, Yeyo. Naogopa sana. Njoo hivyo hivyo.

Mwanao,
Naserian


Mikumi, jikoni,
20 Aprili 2025

Mwanangu Naserian,

Mzazi, pole na hongera! Nimeambiwa ni wa kike, ana nywele nyingi, na wewe damu imekaa sawa. Nililia. Sasa nimemaliza.

Nimefika jana mchana. Mudi alinipeleka mpaka maji yalipotuzuia, tukavuka kwa miguu, pikipiki ikabaki kwa watu. Miguu imevimba, viatu haviingii, ndiyo maana leo hunioni hapo kituo cha afya. Uji huu anakuletea mumeo. Unywe wote, nimeutia maziwa ya kwetu.

Nilikata shauri njiani: nitaingia, nitapika, lakini sitakula humo mpaka wewe urudi. Jana sikula. Leo asubuhi sikula. Sahani yangu niliifunika nikaiweka chini ya meza, nikidhani mwanaume haoni sahani.

Mchana nilimpakulia ugali wake nikauacha juu ya kaunta. Akaja, akauchukua, halafu akakamata kochi lile kubwa, akaligeuza peke yake likatazama mlango wa nje, mgongo kwetu huku jikoni. Akaketi, akafungua redio. Kisha akaiambia redio, mimi hakuniambia kitu: "Redio, kwetu Tukuyu mke wa mtu akimwona baba mkwe wake njiani, anapita kichakani mpaka mzee apite. Mama yangu alipita kichakani miaka ishirini. Mimi nitashindwa kuangalia mlango?"

Nikaiambia sufuria, "Sufuria, mwambie mwenye redio chakula kinapoa."

Redio ikaambiwa, "Mwambie mwenye sufuria mimi sigeuki mpaka nisikie anaosha sahani."

Nikakaa kwenye kigoda changu, nikala. Nilikula sana, mwanangu, nilikuwa na njaa ya siku mbili. Mtu mwenyewe ni mpana, namwona mabega tu. Kuna wakati nilipaliwa nikakohoa vibaya. Niliona shingo inataka kugeuka, ikajizuia, akaiambia redio, "Maji yapo kwenye mtungi wa kushoto." Ulikuwa unajiuliza kwa nini halalamiki ukimwambia abomoe. Mimi nimejua kwa nini, na nimemtazama kwa nyuma nikampenda kama niliyemzaa.

Zile mbao mwambie atengenezee kitanda cha mtoto. Mimi ukuta ninao.

Umenihangaikia miezi miwili na futi mkononi, nami nikakujibu kwa kucheka. Nisamehe. Ulipoandika unaogopa nilipaswa kuondoka siku ile ile.

Nimefua mashuka yote, yako juu ya kamba, yamekauka. Mkiruhusiwa kesho, njoo na mtoto, pitia mlango wa mbele. Mumeo ndiye atakayewaona wa kwanza, maana macho yake yako huko.

Mama yako, na sasa bibi ya mtu,
Yeyo