Majani ya Makete Juu ya Kaburi Lako

Yameshika, Baba Kabula. Yale majani ya baridi aliyoyaleta mwanao kutoka Makete kwenye kopo la maziwa yameshika, tena juu ya kaburi lako, kwa jua hili hili la Ibadakuli. Haya, sasa ndiyo nikusalimie. Za huko?

Usikasirike. Shambani mbuzi waliyala mara mbili, na penye ua wa miiba ni pako tu. Kabula aliniomba ruhusa huku analia. Nikamwambia panda, baba yako alikutania vya kutosha, sasa akusaidie. Unakumbuka? "Nimeuza ng'ombe kusomesha mtu wa kupanda majani." Halafu ukifika mnadani, unamsimulia kila mtu.

Mimi wa darasa la nne leo nasema kimeng'enya bila kujikwaa. Ndiye mpishi ndani ya jani, anayepika kwa mwanga wa jua. Majani ya kwetu na ya Makete ni aina moja, ila mpishi wa kule amezoea baridi. Mwanzoni joto lilimshinda, majani yakawa ya njano. Kisha yakachipua mapya. Kabula akakata machache, akayatia kwenye chupa ya chai yenye barafu, akayapeleka chuoni kupima. Ameniandikia kwamba mpishi wa haya mapya anastahimili joto kuliko yule wa kwanza. Ila hajamfikia wa kwetu. Nilijua, wa kwetu hafikiwi.

Lakini lazima Kabula apime tena mashina yale yale, baada ya kiangazi. Na mdogo wako Masanja anataka kufyeka sasa. Alisema kisimani, wanawake wote wanasikia, "Shemeji, umemwachia kaka pori."

Iliniuma. Mume wangu, sijakutupa. Kila asubuhi napiga magoti hapo, nang'oa magugu kwa vidole, nayaacha ya Kabula, aliyoyafunga uzi mwekundu. Jembe la Masanja nimelificha uvunguni mwa kitanda changu. Alitafute.

Nakuahidi, halitang'oka hata shina moja kabla mwanao hajapima. Akimaliza, nitakusafishia mwenyewe, kwa mkono wangu.

Pumzika, baba. Sukari ya chai ya wageni nimeshaipangia foleni, ikapatikana kilo mbili. Kabula anakuja na walimu wake kupima na kutueleza hapo kaburini kwako, ukoo wote unakuja, na Masanja nimemwambia akae mbele asikie: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja.

Mama Kabula