Gauni la Ketrina

Nakonde, ng'ambo ya Tunduma
Jumanne, 30 Desemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Pole na mvua, pole na palizi, na pole na goti lako, ambalo najua halijapona kwa sababu najua hujalipumzisha. Kama barua hii imekukuta shambani, nenda nyumbani kwanza, unywe maji, uvae miwani, ukae. Sisi huku ni wazima. Yesaya anakua kama mgomba, viatu havimtoshi miezi miwili. Rozi ana kikohozi kidogo cha mvua hizi, lakini anakula. Danford naye hajambo. Watoto wanakusalimu sana. Danford hakusalimu, kwa sababu hajui kwamba nakuandikia.

Mama, barua hii usimpe mzee Efraimu. Desturi naijua: barua yangu ikifika hapo kijijini Ruanda, katibu anaidaka, na Jumapili anasimama nayo mbele ya usharika kuisoma kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe. Hii ni yako peke yako. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la pili, uisome mwenyewe polepole bila kumwita mtu. Simu nimeiogopa. Ukipigiwa wewe, shemeji ndiye hupokea, kisha anaweka sauti kubwa nyumba nzima tusalimiane. Lusubilo wa lori la mahindi ameahidi kukukabidhi mkononi. Mpe chai, ni mwaminifu, ila usimuulize kitu maana hatanyamaza mpaka jioni.

Mnakumbuka mlivyotuaga. Vigelegele, kwaya mbili, bibi Restuta akilia kana kwamba tunakwenda mwisho wa dunia. Mama, mwisho wa dunia ni mwendo wa saa mbili kwa basi. Nikisimama mlangoni kwangu naona malori yamepanga foleni upande wa Tunduma. Asubuhi nasikia honi za mabasi ya Mbeya, na najua kila moja litapita Ruanda, mbele ya kanisa letu. Nikivuka kwenda sokoni Tunduma kununua mchele huwa nasimama kidogo pale stendi, nasoma vibao vya mabasi, halafu narudi. Tuliapa madhabahuni kwamba hatutarudi mpaka miaka mitatu iishe, na Danford ni mtu wa kiapo. Husema aliyeshika jembe haangalii nyuma. Mimi naangalia nyuma kila siku, na jembe lenyewe sijaliona.

Sasa nikuambie ambalo sijawahi kuliandika. Huku hawakutuhitaji. Nyie mlidhani mmetuma watu gizani, na sisi tulidhani hivyo hivyo, lakini Jumapili asubuhi nikiwa bado nimelala nasikia kwaya tatu za makanisa matatu. Jirani yangu bana Mulenga, yaani mama Mulenga kama wasemavyo huku, mwanamke mwema kabisa, aliniuliza wiki ya kwanza tumekuja kufanya nini. Nikamweleza kwamba tumeleta Injili. Akasema ni jambo zuri sana, kisha akanikaribisha kanisani kwao.

Danford alikodi chumba nyuma ya duka la saruji, tukaweka mabenchi sita. Watanzania wanaofanya biashara huku, Jumapili huvuka kwenda kusali Tunduma kwao. Kwa hiyo mabenchi sita yalikuwa yetu: mimi, watoto wangu wawili, na mlinzi mmoja mzee anayependa nyimbo. Danford alikuwa anahubiri kana kwamba uwanja wa mpira umejaa. Nilikuwa namwonea huruma, mama, halafu namwonea hasira, halafu naimba.

Barua ya kwanza niliandika kweli yote. Danford akaisoma, akasema tusiwavunje moyo wazee waliotutuma, niandike kwamba watoto wameanza kuja. Siku hiyo watoto wawili wa bana Mulenga walikuwa wameingia kutafuta mpira wao, basi nikajidanganya kwamba si uongo. Mzee Efraimu akajibu kuuliza idadi. Danford akaniambia niandike kumi na wawili. Alisema Mungu huyataja yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako, na kwamba hiyo ndiyo idadi ya imani. Mwandishi ni mimi, kwa kuwa mwandiko wake unaujua, kama kuku amepekua majivu. Imani ikaendelea kuongezeka, wakawa kumi na wanane, wakawa ishirini na sita. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu mliirefusha nyie kwa makofi.

Halafu mwaka jana akina mama mkaomba majina, kila mmoja achukue mtoto wake wa kumwombea. Hapo sina wa kumsingizia. Danford hakuwepo, nilikaa mwenyewe mezani nikaandika majina ishirini na sita, na umri, na shida ya kila mmoja. Nilichukua majina ya wasichana niliosoma nao, nikachukua mengine kwenye Biblia. Nilipofika katikati niliandika Ketrina, miaka saba, haongei na watu, anaogopa honi za malori, analilia kwao. Pembeni nikaandika kwamba huyu apewe mama yangu.

Tangu siku hiyo umemuulizia Ketrina kuliko unavyowaulizia wajukuu wako. Ameanza kuongea? Anakula? Nani anamsuka? Uliniandikia kwamba hata mimi utotoni nilikuwa hivyo hivyo, nikiogopa nanyamaza, mpaka unibebe mgongoni hata nilipokuwa mkubwa wa kuchekwa. Barua hiyo niliisoma jikoni nimefunga mlango.

Basi tarehe ishirini na mbili Lusubilo akashusha viroba viwili. Nilidhani ni maharage. Nikafungua nikakuta nguo za Krismasi, mpya, mlizozishona wenyewe: magauni ya vitenge, mashati, kaptula. Kila moja ina karatasi imebanwa kwa pini, jina la mtoto, umri wake, na jina la mama anayemwombea. Juu kuna barua ya mzee Efraimu, kwamba Jumapili ya tarehe nne Januari atakuja na akina mama wanane, wewe ukiwemo, kuwaona watoto wakiwa ndani ya nguo zao na kusikia wakiimba.

Nilikaa chini sakafuni. Rozi alikuwa anatoa nguo moja moja anasoma majina kwa sauti, huku anatafuta la kwake. Alifika mwisho wa kiroba cha pili, akarudia cha kwanza. Mama, wanangu hawakuwa kwenye orodha. Nani angeshonea watoto wa mwinjilisti, wakati barua zangu zote zilisema hatujapungukiwa na kitu? Yesaya alijitia hajali, akatoka nje. Rozi akaniuliza hao watoto wengine wanakaa wapi, mbona hajawahi kucheza nao.

Kesho yake Danford akasema maji tumeyavulia nguo, tuyaoge, twende tukatafute watoto. Tukapita uchochoro kwa uchochoro kwenye matope, tukisema kwamba siku ya Krismasi kuna wali na nguo. Bana Mulenga ndiye alituokoa. Alipopata habari alicheka mpaka akaketi, kisha akawaambia akina mama wenzake wanaouza nyanya pale njia ya mpakani.

Walikuja, mama. Walikuja zaidi ya arobaini, wengine na wadogo zao mgongoni. Nilipika wali wa Tunduma na kuku wanne, na kuku wanne kwa watoto arobaini ni mchuzi tu, lakini hakuna aliyenung'unika. Niliwapanga kwa urefu nikagawa nguo kwa kupima mabegani, majina nikayaacha. Waliokosa nguo niliwapa maandazi mawili mawili. Wenye nguo walikataa kubandua zile karatasi. Mtoto wa bana Mulenga alipata shati la Isaka, akatangaza kwamba leo yeye ni Isaka, na wenzake wote wakafuata, wakawa wanaitana kwa majina niliyoyatunga mimi mezani kwangu, wanacheka. Rozi, katika gauni lake la mwaka juzi lililofika juu ya magoti, aliwafundisha wimbo wa Kiswahili. Niliingia chumba cha ndani nikalia, na sijui nililia furaha au aibu. Nadhani vilikuwa vyote viwili.

Juzi Jumapili nilijua hawatarudi. Wakarudi thelathini na mmoja, bila wali.

Ungedhani hapo nimepona. Ndipo mlango ulipofungwa kabisa. Mwezi ujao kiapo chetu kinakwisha, na nilikuwa nahesabu siku kama mfungwa. Sanduku nimeshalipanga tangu Novemba. Lakini Danford ameona hiyo ni ishara. Anasema Mungu ameitimiza idadi ya imani, na mzee Efraimu akifika Jumapili ataomba tuongezewe miaka mitano. Amenitaka nisimame mbele yenu nishuhudie jinsi kazi ilivyokua tangu mwanzo. Miaka mitano, mama. Nilimwambia nimechoka. Akasema nitachokaje sasa, wakati watoto wamekuja. Si mtu mbaya, unamjua. Hanipigi, hanitukani, anaomba kwa ajili yangu kila asubuhi, na hanisikii.

Nikinyamaza Jumapili, nimebaki huku. Nikisema kweli, nimemvua mume wangu nguo hadharani, na akina mama walioshona usiku na mchana watajua kwamba mwaka mzima waliwaombea watu wa hewani. Kila usemi ninaoutengeneza kichwani unaishia ukutani.

Nguo zote ziligawiwa isipokuwa moja. Gauni lako. Lile la kijani lenye maua meupe, ulilolishona kwa mkono kwa sababu humwamini fundi, nazitambua hatua za sindano yako. Umeweka mfuko wa ndani, na ndani ya mfuko karanga. Watoto watatu lingewatosha na sikuwapa. Rozi alilijaribu, likamkaa sawasawa, nikamvua. Akalia jioni nzima ya Krismasi, akaniambia nawapenda watoto wa watu kuliko yeye. Nilimchapa, mama. Siku ya Krismasi nilimchapa mtoto kwa ajili ya gauni, na sikuweza kumwambia kwa nini.

Wewe nakuambia. Watoto ishirini na watano niliwatunga. Ketrina sikumtunga. Asiyeongea na watu ni mimi. Anayeogopa honi za malori ni mimi, kwa kuwa kila honi ni gari linaloondoka bila mimi. Anayelilia kwao ni mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, mke wa mwinjilisti, na sikujua namna ya kumwandikia mama yangu kwamba nataka kurudi nyumbani, barua ikasomwe kanisani. Nikaandika miaka saba, nikakupa wewe. Mwaka mzima kila Alhamisi saa tisa, saa ya maombi yenu, naacha ninachofanya na kukaa, kwa sababu najua wakati huo unanitaja, ingawa kwa jina la mtu mwingine.

Nisamehe. Nilikuibia maombi, lakini yalinifikia.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Jumapili njoo, hata goti likikataa. Leo jioni namvalisha Rozi gauni lako, na karanga ni zake. Mkifika, mzee Efraimu atamwona na kusema tazameni, yule ndiye Ketrina. Usimbishie mbele za watu. Wewe utamtafuta yule anayegawa chai, atakayekuwa hawezi kukutazama usoni. Danford atasimama aombe miaka mitano, na kabla hawajapiga makofi, wewe simama. Wewe ni mkubwa wao, watakunyamazia. Sema tu kwamba mwanao amekonda na unarudi naye nyumbani, yeye na watoto. Yaliyobaki nitawaambia mwenyewe nikiwa Ruanda, nikiwa nimesimama pale mlipotuagia, hata kama mzee Efraimu hatanisalimia tena. Watoto wa hapa bana Mulenga amekubali kuwakusanya, na anaimba kuliko mimi. Danford akitaka kubaki nao, abaki. Akitaka kunifuata, mlango anaujua.

Mwambie tu dereva wa gari mtakalokodi kwamba mnakwenda tisa lakini mtarudi kumi na wawili.

Msalimie bibi Restuta, wasalimie shemeji na watoto, na yule ng'ombe wetu mweusi kama bado yupo. Mwambie Imelda, dada yangu, kitanda changu cha zamani akiondolee mahindi. Kwa mzee Efraimu usipeleke salamu, atauliza zimekujaje.

Na Alhamisi hii saa tisa mkikaa kuomba, niombee kama ulivyokuwa unaniombea, ila sasa unitaje kwa jina langu.

Mwanao,
Ferista