Mikayi Amewaka

Baba,

Gari lako la Pijo limewaka. Nakuambia hilo hata kabla ya salamu, kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Tangu tukuzike sikuligusa. Nilikuwa naenda kazini Migori na Vitz, narudi na Vitz, na nikipita kando ya Pijo naangalia upande mwingine. Mama alinivumilia, halafu asubuhi moja akasema, "Wewe kila siku unaanzia kwa nyachira. Baba yako angekuonaje?"

Nilimsimulia karani mwenzangu ofisini, mwenyeji wa Kehancha, naye akadhani ulikuwa na wake wawili. Ikabidi nimweleze kwamba kwa lugha yetu mikayi ni mke wa kwanza na nyachira ni wa pili, na kwamba wewe, Msabato kamili, ulikuwa na Mama peke yake. Ni magari ndiyo uliyaoa mawili: Pijo la zamani la kupendwa, na Vitz ya kutumwa. Alicheka mpaka akafuta macho. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaenda chooni nikakaa huko.

Nakumbuka sheria zako. Kwa kuwa shamba la mikayi ndilo hupandwa kwanza, Pijo nalo lilipaswa kuwashwa kwanza kila asubuhi, hata kama haliendi popote. Ulivuta choki ya kuamsha injini baridi, ukakaa ndani na mlango wazi, unasikiliza. Mama akisikia ule mngurumo alijua amimine chai, akuletee hapo hapo. Ndipo ukajikunja ndani ya Vitz, magoti karibu yaguse usukani, ukaenda zako. Samaki wa kutoka Homa Bay walibebwa na nyachira. "Mikayi hanuki samaki, Dani," uliniambia; dani ni nyanya, nawe uliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yako.

Mikayi alikuwa wa kanisani Jumamosi na wa kwenda kuona ziwa Jumapili. Uliniachia usukani, lakini nikifika Rodi Kopany nilisimama tukabadilishana viti, maana ule mteremko wa kushuka Homa Bay niliuogopa. Hukunicheka hata siku moja. Ulisema tu, "Bado. Siku yako itakuja."

Leo Baba Mdogo alileta mnunuzi. Alisema msichana atafanya nini na gari la giya ya kwenye usukani, na kwamba linaozea tu hapo. Unanijua, mbele ya watu wazima sauti yangu hupotea. Mnunuzi alikuwa mtu mpole, amekuja na betri yake, maana ya Pijo ilikuwa imekufa. Akagonga bodi kwa kidole, akachungulia chini, akasema, "Hebu washeni nisikie." Baba Mdogo akajaribu, likakohoa likanyamaza. Akajaribu tena. Akaanza kulitukana.

Kulitukana, Baba. Mikayi.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilisema, "Baba Mdogo, nipishe kidogo." Nikaketi, nikavuta choki, nikaacha mlango wazi. Sikukanyaga mafuta, kama ulivyonikataza. Likakohoa, likashika, na ule mngurumo ukajaa boma lote.

Mama akatoka jikoni na kikombe cha chai.

Alifika mpaka mlangoni mwa gari ndipo akakumbuka. Akasimama, kikombe mkononi, akiniangalia kwenye kiti chako. Nilidhani ataanguka. Kisha akaninyooshea kile kikombe. Akamgeukia mgeni, akamwambia taratibu, "Mzee, karibu chai. Lakini huyu ameolewa hapa, haendi kwingine."

Mnunuzi alicheka, akanywa vikombe viwili. Baba Mdogo alinuna mpaka mandazi yalipoletwa.

Bado naogopa. Naogopa breki, naogopa spea kukosekana, naogopa asubuhi litakapokataa kabisa na wewe hupo wa kuulizwa. Lakini nitanunua betri, na nitaanzia kwa mikayi kila siku kabla ya kupanda Vitz. Na Jumapili ijayo nampeleka Mama kuona ziwa. Tukifika Rodi Kopany nitasimama, nifungue mlango kama vile nakupisha uketi. Halafu nitaufunga, nishuke ule mteremko mwenyewe.

Pumzika, Baba. Chai yako nimeimaliza.

Dani wako