Marehemu wa Ukurasa wa 112

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Uji, vijiko vitatu. Grace kavihesabu. Daktari alimwambia yeye, si mimi: moyo umechoka, ndiyo maana miguu inavimba. Binti yangu hajui kudanganya. Ningekuwa na kipaji hicho cha kutojua nisingekuwa profesa.

Huruma kapiga simu kutoka Newala. Mwanafunzi wangu wa mwisho. Anatetea tasnifu yake tarehe ishirini na moja. "Shikamoo, Profesa! Yamebaki mahojiano mawili tu." Na nani? Na wanawake wazee wa kule kwenye mteremko wa kisima, akasema.

Nikakata. Nikasingizia mtandao.

Jumatano, 6 Agosti

Niandike mara moja, bila tanbihi.

Mwaka 1979. Nimerudi kutoka ng'ambo na udaktari wangu, miaka thelathini na sita, suruali ya bugaluu. Newala, kiangazi. Kwenye njia inayoteremka kisimani nikaona mitungi mitupu, imepangwa mstari mrefu, na hakuna watu. Pembeni mwanamke mmoja anasuka ukili. Jina lake Sijaona. Nikamuuliza mitungi ile ina maana gani.

Kwanza akaniuliza mimi mtu wa wapi. Lupaso, nikasema, Mmakua. "Kumbe mtani!" Akacheka. Halafu uso ukawa mzito. Hiyo ni ya wafu, akasema. Wafu wanakunywa kwanza. Sisi wazima tunangoja washibe.

Nikaandika papo hapo, kwa furaha.

Mmakua mzima! Nimekulia katika utani. Nimeona watani wakilala ndani ya kaburi lililochimbwa, wakakataa kutoka mpaka wapewe kuku. Siku ile Mmakonde ananiita mtani, kisha ananipa neno, nami naliandika kama Injili. Mtoto wa darasa la pili pale Lupaso asingenaswa. Lakini yeye hakuwa na kitabu cha kuandika.

Nilikiandika. Nikajenga juu ya mitungi ile nadharia nzima: kwamba utamaduni hauishi katika kilichopo, unaishi katika nafasi inayoachwa tupu. Nikaupata uprofesa. Watu wa Ulaya walisimama wakanipigia makofi.

Nimechoka. Grace ananitazama kupitia mlangoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikumaliza jana. Niliacha lililo baya.

1984 nilirudi Newala kwenye msiba wa mwalimu mwenzangu. Sijaona alikuwepo, kavaa koti la marehemu kinyume, anawachekesha wafiwa. Aliponiona akaja mbio. "Mtani! Nasikia umewapeleka wafu wetu mpaka Ulaya! Walipanda ndege na mitungi yao?" Kisha akawageukia watu: ile ilikuwa foleni tu jamani, maji yalikuwa ya kudondoka, sisi tuko shamba, mtungi unatushikia nafasi — na huyu kaandika wafu! Mjane mwenyewe alicheka.

Baadaye akanivuta nyuma ya nyumba. Hapo hakucheka. Utani una mwisho wake, akasema. Kafute.

Sikufuta. Toleo la pili, ukurasa wa 112, yale maandishi madogo ya chini, niliongeza hivi: "Mtoa habari wetu, bikizee wa Newala, sasa ni marehemu." Ili asitafutwe na mtu. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mzima, anapanda mteremko na ndoo kichwani. Nilimzika kwa mstari mmoja. Mhariri alinisahihishia koma.

Jumamosi, 9 Agosti

Amempata.

"Profesa, kuna bibi hapa anasema ni mtani wako. Anasema nikuambie marehemu anakusalimu." Huruma anacheka, hajaelewa. "Utani gani huo?"

Nilikuwa na nafasi. Pumzi moja tu ingetosha. Nikasema: bibi huyo amezeeka, anachanganya mambo, usimrekodi.

Akajibu polepole: "Lakini Profesa, anakumbuka hadi suruali yako."

Sura ya tatu na ya nne za tasnifu yake zimesimama juu ya mitungi ile. Miaka minne. Mwanawe kamwacha Nanganga kwa mama yake tangu amwachishe ziwa. Na mimi ndiye niliyemwambia: anzia hapo, binti yangu, hapo pana msingi.

Jumapili, 10 Agosti

Padri kaniletea sakramenti kitandani. Kaniuliza kama lipo linalonilemea. Nikasema hapana. Mkate ulikwama kooni, Grace akanipiga mgongoni.

Padri alipoondoka, Grace akauliza: "Baba, marehemu ni nani? Jana nilisikia simu."

Nikamwambia yote. Hakulia. Alikunja kanga niliyojifunika, akaikunjua, akaikunja tena. "Kwa hiyo unataka mimi ningoje. Tukuzike, halafu bibi huyo asimame kaburini aseme, kanisa zima linasikia. Mtani hakatazwi, Baba. Unajua."

Nikasema Huruma ana mtihani tarehe ishirini na moja, tumwache apite kwanza.

"Yeye ana tarehe ishirini na moja. Wewe una tarehe gani?"

Grace amempigia Huruma mwenyewe. Nilisisitiza: aje peke yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Hakuja peke yake.

Nimesikia nikiwa kitandani. Harufu ya salfa inayopulizwa kwenye mikorosho imeingia nao, au labda imeingia na upepo. Grace: "Shikamoo, bibi." Sauti ile ile, imekwaruza kidogo: "Marahaba. Mwenye nyumba yu hai, au tayari ni mwenzangu?" Grace kacheka — kacheka kweli!

Huruma hakucheka. Kaweka kitabu changu kitandani, kimefunguliwa. Sikuhitaji miwani kujua ukurasa. "Ameniambia la kwake, Profesa. Sijaandika neno. Nimesema nisikie kwako kwanza."

Sijaona kakaa mkekani, kanyoosha miguu, kaomba maji. Grace kaleta glasi. Hakunywa. Kainuka kwa kushika ukingo wa kitanda, kaniwekea glasi mkononi, kavikunja vidole vyangu juu yake.

"Wafu wanakunywa kwanza, mtani."

Nimekunywa. Nusu imemwagikia shuka. Nimeomba dakika moja, nimevuta daftari hili. Grace hataki. Sijaona kamshika mkono: "Mwache aandike. Labda leo ananifufua."

Huruma yuko pale pale, miguuni pangu. Macho mekundu. Kauliza, taratibu, kama mimi nilivyomfundisha kuuliza: "Foleni au wafu, Profesa?"

Anajua. Anataka tu niseme kwa mdomo wangu. Wote watatu wanaitazama kalamu, na glasi hii sina pa kuiweka